Bawabu Aliyefunga Mapema

Mji mzima ulimwita Komeo, na walimwita kwa heshima. Ndiye bawabu aliyelifunga lango jioni ile Giza lilipokuja mbio kwa miguu yake, likanusa ukuta, likarudi mikono mitupu. Tangu hapo sokoni watu walimpisha njia. Hawakujua kwamba kaka yake alikuwa nje, karibu kabisa, akiita, "Ngoja, mdogo wangu, nimefika!" Komeo alimsikia vizuri. Woga ukamkaba, akasukuma chuma cha lango. Kesho yake akawaambia watu kaka yake alikwishamezwa na Giza mbali huko.

Mama yao hakulia. Kila akipakua chakula, alimwekea mkubwa sahani yake na kuifunika.

"Mama, huyo harudi."

"Kwani ulimwona akifa?"

Komeo akanawa mikono, akarudi langoni.

Asubuhi moja maji yakamfika shingoni. Akamwambia mama anakwenda kumtafuta kaka yake, akamkabidhi bawabu mwenzake funguo, akatoka, akatembea hadi mahali mchana unapokatika kama kitambaa. Huko aliishi Msagaji, mwanamke anayesaga sura za watu ili Giza lipate nyuso za kuvaa. Aliyemzungushia jiwe lake la kusagia ni kaka yake Komeo, hai, amekonda kama ufito.

"Namtaka kaka yangu."

"Leo ndiyo unamtaka?" Msagaji akacheka. "Haya, mchukue. Ila sura yako itabaki hapa. Utarudi kwenu, na aliyekuzaa hatakujua."

Komeo akainama juu ya jiwe. Maumivu yale hayasimuliki. Alipoinuka, alikuwa na uso wa mtu yeyote tu.

Wakashika njia ya kurudi. Walipouona ukuta, Komeo akasema, "Nisamehe, kaka. Siku ile nilikusikia."

"Najua. Na mimi nilisikia chuma kikiingia."

Mama alipomwona mwanawe mkubwa alimkimbilia. Akampapasa masikio, mabega, vidole, kama aliyezaa upya. Kisha akauliza, "Na mdogo wako je? Si alikufuata?"

Kaka akamtazama aliyesimama kizingitini. Neno moja lingetosha.

"Amebaki huko, mama."

"Na huyu?"

"Mpita njia. Tumekutana barabarani."

Hapo ndipo mama aliangua kilio ambacho nyumba ile haijapata kukisikia. "Kitinda mimba wangu jamani! Shujaa wangu!"

Komeo hakuweza kuvumilia. "Mama, ni mimi."

Mama akajifuta machozi, akamkazia macho. "Baba, usinidhihaki kwenye msiba wangu. Mwanangu namjua."

Kaka alitazama sakafu.

Baadaye mama aliona haya kwa kumfokea mgeni, akamletea kikombe cha maji. "Pole, baba. Uchungu wa mwana huo."

Komeo akayanywa yote, akashukuru kama mgeni ashukuruvyo, akatoka. Nyuma yake kaka akaufunga mlango, polepole.