Heda za Octavian

Octavian Mayala alikuwa fundi magari, na Kiloleni nzima walimjua kwa masikio yake. Ukimpelekea gari hakukimbilia kufungua boneti. Alikuambia uwashe, akainamisha kichwa, kisha akakutajia ugonjwa. Mwaka juzi akaugua homa ya uti wa mgongo. Alipotoka wodini sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia likaendelea kupungua. Wateja wakawa wanapita bila kusimama. Kanisani kwao, Moravian, aliacha kwenda siku alipoona midomo ya kwaya inafunguka na kufumbwa tu.

Kitu kimoja alikuwa bado anakisikia: injini ya gari lake, Mark Two, ikikanyagwa sana, kwa mbali, kama ng'ombe wanaolia ng'ambo ya mbuga. Nayo ilipoanza kufifia, akaagiza heda, yale mabomba ya moshi ambayo vijana huyafunga kwenye injini badala ya manifodi iliyokuja na gari, ili liungurume. Zilifika kwa basi kutoka Igunga, ndani ya kiroba cha mchele.

"Baba Julieth," mkewe Agnetha alimwambia, akitamka polepole ili asome midomo, "daktari alisema kilichokufa ni mshipa. Kelele hazitaufufua."

"Najua," alijibu kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Nataka niisikie vizuri mara moja. Basi."

Jumamosi asubuhi Justus, mdogo wake Agnetha, alikuja kutoka Kigwa kumsaidia. Waliliweka gari kivulini kando ya jiko, wakachomoa betri, wakaanza kufungua nati za manifodi ya zamani. Zilikuwa zimeshika kutu ingawa zililala na mafuta usiku kucha. Nati ya namna hiyo hulia kabla ya kukubali, na ikitaka kukata stadi, ule msumari wa nyuzi unaoishika, inalia kilio kingine, chembamba. Hapo fundi hulegeza mkono. Octavian aliwafundisha vijana wengi kilio hicho.

Nati za mbele zilitoka salama. Ya mwisho, kule nyuma karibu na ukuta wa injini, ililia kile kilio chembamba. Justus aliisikia.

"Shemeji, acha," alisema.

Octavian alikuwa amempa mgongo, anavuta spana kwa mikono miwili.

"Shemeji!"

Spana ikaachia ghafla na vidole vyake vikagonga chuma. Stadi ilikuwa imekatika ndani kabisa ya silinda hedi, kichwa cha injini. Octavian alikitazama kipande kilichobaki kwenye soketi, akageuka, akauona uso wa Justus.

"Ililia?" aliuliza.

Justus akaitikia kwa kichwa.

Octavian alijifunga kitambaa vidoleni, akaenda kuleta drili. Drili nayo iliteleza, ikala alumini pembeni ya tundu, na stadi haikutoka. Justus alimwonyesha kwa mikono kwamba waahirishe, watafute wa kuchomelea Jumatatu. Akakataa. Alifunga heda hivyo hivyo, pembe ile ya nyuma ikiwa haina kinachoishika.

Mchana wakawasha. Sauti ilitoka kama bati linalochanwa. Kuku walitawanyika, mtoto wa jirani akaanza kulia, na Agnetha akatoka jikoni amejiziba masikio. Octavian alikaa kwenye usukani, macho kwenye mshale wa mizunguko ya injini, akikanyaga. Mshale ukapanda. Akainamisha kichwa upande wa kulia, vilevile kama zamani, akakanyaga tena. Moshi wa moto ulikuwa unapenya pale pasipo na stadi, ukichoma nyaya. Justus alipunga mikono mbele ya kioo. Octavian alimwona, na hakuacha.

Agnetha ndiye aliyeingiza mkono dirishani akazima ufunguo. Justus akamwagia nyaya mchanga.

"Nilikuwa nimekaribia," Octavian alisema. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo mno, hata Agnetha hakuwa na hakika kama alikusudia kusikiwa.

Jioni alimpa Justus soketi, spana na jeki, vyote, avipeleke Kigwa. "Fundi asiyesikia atawaharibia watu mali," alisema. Justus alikataa, kisha akapakia kwenye pikipiki, maana shemeji yake alikuwa ameshaingia ndani.

Agnetha alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Alileta maji ya vuguvugu, akamfungua kitambaa, akamwosha vidole kimoja kimoja. Alikuwa na ya kumwambia: kwamba shamba la Kigwa lipo, kwamba Julieth atarudi likizo, kwamba yeye hajachoka. Lakini Octavian alikuwa amefumba macho, na akifumba macho hakuna aliyeweza kuzungumza naye. Alimgusa shavu ili amtazame. Octavian aligeuzia uso ukutani.

Agnetha akaendelea kuosha vidole ambavyo vilikuwa vimeshatakata.