Mlima Juu ya Meza ya Kukatia

Mke wangu alivunjika nyonga miaka sita iliyopita, ikaungwa vibaya, na tangu hapo mguu wake wa kushoto unamfuata badala ya kumbeba. Nalisema hili mapema kwa sababu binti wa ofisini kwa wakala wa safari aliuona mguu kabla hajamwona mwenye mguu.

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupanga likizo. Mimi ni fundi mwashi, na likizo yangu siku zote ilikuwa siku saruji imeisha. Mke wangu ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Mama Sentimita, na hajawahi kufunga kazi ila kwa msiba na kwa ile nyonga. Sasa kitinda mimba wetu ameoa, nyumba imebaki na watu wawili na cherehani, tukasema twende mahali kabla hatujachakaa. Mahali alichagua yeye: kisiwa cha joto katikati ya bahari, kilichozuka kutoka chini ya maji kwa moto. Mlima wake mpaka leo unafuka moshi.

"Mama tunamwekea hoteli ya ufukweni," binti wa wakala alisema tulipofika ofisini kwake, akiandika. "Baba ataenda na kundi la wapanda mlima, halafu mnakutana jioni."

"Nani kasema mimi sipandi?" mke wangu akauliza.

"Ni saa nne za kupanda, mama, na ni mwinuko kweli kweli. Hoteli ina bwawa zuri sana."

"Maji ninayo nyumbani, mwanangu. Yanatoka bombani."

Binti alicheka. Mke wangu hakucheka. Aliomba ramani ya kisiwa, akapewa moja kubwa iliyojaa mistari ya kahawia, akaikunja kama anavyokunja kitambaa cha mteja, tukaondoka.

Nyumbani nilimwambia bila kuzunguka. "Mama watoto, mguu huo haufiki. Na mimi siwezi kwenda juu nikuache chini. Tukae ufukweni wote wawili, tule, tulale, turudi."

Nilidhani nimesema neno la mapenzi. Alinitazama kama mtu aliyeletewa kitambaa pungufu.

"Miaka sita watu wananiambia pumzika kabla sijachoka," alisema. "Nataka kusimama pale juu nichungulie mdomo wa mlima kwa macho yangu. Nikishindwa, nishindwe na mlima. Nisishindwe na wewe."



Jumapili alasiri aliitandaza ramani juu ya meza yake ya kukatia. Mimi niliona fujo tu, kama paka kapita na kucha zake. Niliacha shule darasa la tano, na ramani hatukuwa tumefikia. Yeye aliinama, akaufuata mstari mmoja kwa kidole mpaka ukarudi ulikoanzia.

"Hizi si barabara," akasema. "Tazama, hazikatizani hata mahali pamoja. Na kila mstari una namba. Mita mia. Mia na hamsini. Mia mbili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni vipimo, baba watoto. Kama kiuno, kama kifua. Huu ndio mzunguko wa mlima ukiwa mita mia juu ya bahari, huu ukiwa mia na hamsini. Ukikata kila mzunguko ukaupanga juu ya mwenzake, mwili unasimama."

Miaka thelathini nimemwona mke wangu akichukua kitambaa bapa na kukitoa na tumbo la mwalimu mkuu ndani yake, limekaa sawasawa, na sikuwahi kuona kuwa ni jambo la ajabu. Nililiona siku ile. Mimi najenga ukuta ninaouona. Yeye anaona kisichokuwapo bado.

Alivitoa vile vipimo kwenye ramani kwa kigurudumu chake cha meno cha kunakilia alama, akachora juu ya maboksi ya vitambaa, akakata vipande kumi na vinane. Mimi nilibandika. Mlima ukasimama mezani na vidato vyake kama ngazi za msikiti wa panya, mbaya kuutazama, nami nikafanya ninachokijua. Nikakoroga lipu nyepesi, nikachukua mwiko mdogo, nikaupiga mlima lipu jioni tatu mfululizo. Ukang'aa kama ukuta wa benki.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ana duka la viatu chini ya nyumba yetu, na haipiti siku bila yeye kuja kutafuta la kusema. Alikuja akauzunguka mlima, mikono nyuma.

"Shemeji, hii si volkano. Hiki ni kichuguu cha tajiri."

"Kauze viatu," nikamwambia.

"Nauliza tu. Dada yangu mtampandisha kwa kamba au kwa toroli la zege?"

"Tutakubeba wewe," mke wangu akajibu, macho kwenye sindano. "Tukifika juu tuzibie lile shimo. Domo lako linatosha."

Shemeji alipoondoka nilichukua pima maji yangu ya kukagulia ukuta, nikaiweka mlimani huku na huku. Pande zote zilikuwa zimesimama wima. Nilipapasa kwa kiganja, nikarudia, nisije nikasema uongo. Kisha nikasema ukweli, ingawa uliniuma.

"Umeona mwenyewe. Hakuna upande wa mguu wako."

Aliinuka, akapitisha vidole nyuma ya mlima polepole, kama anavyotafuta pini iliyosahaulika kwenye gauni. Vidole vikasimama.

"Hapa palikuwa na nafasi."

"Nafasi gani?"

"Kati ya kipande cha kumi na nne na cha kumi na tano. Niliacha upana wa vidole vitatu, nakumbuka kukata. Iko wapi?"

Nilijua hapo hapo. Mwashi akiona pengo anajaza, akiona ukingo analainisha, mkono unaenda wenyewe. Hakuna aliyeniagiza.

"Niliijaza," nikasema. "Ilikuwa inaharibu umbo."

"Umbo la nani?"

Nilileta patasi, nikaibandua lipu yangu mwenyewe. Alichokikata kikatokea: kibaraza kinachozunguka mgongo wa mlima, karibu bapa, mpaka mahali ambapo ukingo wa mdomo umeshuka kuliko kwingine kote. Tulipoitazama ramani tena, barabara ya gari ilipanda kwa kona upande uleule wa nyuma hadi kibaraza kinapoanza, na kutoka pale vilifuata vidoti vyekundu. Njia ya miguu. Ilikuwapo siku zote. Ramani haikumficha mtu.

"Hukuiona?" nikamuuliza.

"Nilijua ipo. Nilikuwa nangoja kuishika."

Jumatatu niliubeba mlima juu ya ubao mpaka kwa wakala. Binti alisahau kutukaribisha viti. Aliutazama mlima, akamtazama mke wangu, na safari hii alianzia usoni. Kisha akampigia simu mwongozaji wa wapanda mlima kule kisiwani, akaiweka sauti kubwa tusikie wote. Mwongozaji alikuwa mwanamke, sauti kavu.

"Njia hiyo ipo," alisema. "Ni ya watu wa kituo cha kupima matetemeko. Wageni hawaiombi kwa sababu hawaijui. Gari linafika pale saa tatu asubuhi, halafu ni kilomita mbili na robo. Saa sita ukungu unafunika mdomo na huoni kitu. Kurudi hakuna haraka. Mama anatembea umbali huo kwa muda gani?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua.

"Pimeni, mniambie. Ikizidi saa mbili na nusu simchukui. Siwezi kumpandisha mtu aje kutazama ukungu."

Nilimpenda mama yule.

Jumamosi asubuhi nilitoa futi yangu ya utepe, ya mita hamsini, nikaipima barabara yetu inayopanda kuelekea kwenye tangi la maji. Mara arobaini na tano. Shemeji alishika saa. Alikuwa amefunga duka, jambo ambalo halifanyi hata kwa harusi.

Kilomita ya kwanza mke wangu aliimaliza akipiga soga. Mbele ya gereji nyonga ikaanza. Nilimwona akishika ukuta, akifumba macho, akipumua kwa mdomo. Mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe kama ulivyokwenda kwenye lipu. Niliutia mfukoni. Alisimama mara saba. Mara ya tano shemeji alifungua mdomo, nikamkanyaga.

"Shemeji, mimi nilitaka kusema viatu vile si vya mlima," akaninong'oneza. "Nina jozi dukani."

"Utaniambia tukifika," mke wangu akasema. Masikio yake ni mazima.

Alilifikia tangi, akaliegemea, shati limelowa mgongo mzima.

"Saa mbili na dakika kumi na nane," shemeji akasoma.

"Mpigie," mke wangu akaniambia. "Na usipunguze hata dakika moja."

Nilimwambia mwongozaji muda ule, na kwamba amepumzika mara saba.

"Barabara ilikuwa ya kupanda?"

"Ya kupanda. Nimeipima mwenyewe."

"Basi namwandika. Na wewe je, baba, magoti yako vipi?"

Nilikuwa nimeketi chini kando ya barabara. Sikumbuki nilikaa saa ngapi.

"Mwambie," mke wangu akasema, akijifuta uso kwa ncha ya khanga, "huyo nitakuja naye."