Lori Lililohamia kwa Jumwa

Asubuhi baada ya hanga la Nzai, yaani matanga yake, wageni wa mwisho walipokwisha kushika njia ya Kaloleni, Jumwa, mjane wake, alitoka nje kumwaga maji ya vyombo akakuta lori limesimama chini ya mkorosho. Lilikuwa lori la buluu la kubebea mawe ya timbo, madigadi yake ya kushoto yamebonyea, na ndani hamkuwa na mtu. Injini ilikuwa bado na joto. Kuku walikuwa wamekwisha kujilaza uvunguni mwake. Jumwa akageuka, akamwaga maji upande wa migomba, akarudi ndani kuwapa watoto uji.

Nzai alikuwa mgema. Kila alfajiri alipanda minazi ya watu huko Mtopanga, kisha akateremka Magogoni na vibuyu vya tembo begani, akifuata ukingo wa barabara penye mchanga. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Tangu abatizwe hakuonja hata tone. Siku yake ilipofika, lori liliteremka kwa kasi, likamfuata hukohuko mchangani, likamtupa kwenye ua wa mkonge na kwenda zake. Waliomfikia kwanza walisema alikuwa amelowa tembo tangu utosini, na nyuki walikuwa wamekwisha kumzunguka, wametulia, hawamuumi mtu. Nyuki hao walimsindikiza mpaka nyumbani, wakalala mlangoni, na alipozikwa wakaondoka.

Wenye vibanda vya njiani walisema ni lori la buluu. Kisauni yote lori la buluu la mawe lilikuwa moja, la Bwana Hamdun, ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza mawe na chokaa tangu enzi za babu zake. Bwana Hamdun alikuja hangani mwenyewe, amevaa kanzu safi, akatoa ubani wake, akaketi mkekani na watu. Halafu akasema kwa upole kwamba gari lake siku ile lilikuwa Changamwe, linapeleka mawe kule kunakojengwa kiwanda cha mafuta, na dereva wake yuko tayari kuapa. Wazee waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyetaka kubishana na mtu aliyekuja kuhani.

Na sasa lori lilikuwa chini ya mkorosho.

Dereva, jina lake Mwarandu, alifika kwa miguu jua likishapanda. Alibisha hodi, akamwamkua Jumwa, akapewa maji, akanywa akiwa ameinamisha macho. Akasema amekuja kuchukua gari. Jumwa akamwambia lipo pale. Lori liliondoka shingo upande, na asubuhi ya pili lilikuwa limerudi.

Bwana Hamdun aliamuru lifungwe mnyororo kwenye nguzo ya uani kwake. Likaja na mnyororo wenyewe umekunjwa vizuri sehemu ya mizigo. Akaamuru litolewe petroli yote. Likaja bila petroli, polepole zaidi, kama mtu aliyefunga Ramadhani. Akaamuru ling'olewe magurudumu. Siku hiyo lilichelewa, likafika adhuhuri, nalo halikuonyesha limepitaje. Mwarandu alikuja baadaye akiyabingirisha magurudumu moja moja, akayafunga mahali pake, akaomba maji tena.

Watu wa Magogoni walilipisha njia kama wanavyompisha mgonjwa. Kitu pekee walichojadili ni kama linapaswa kuamkuliwa, na wengi waliona si lazima.

Jumwa ndiye aliyekuwa na jambo nalo. Siku moja, watoto wakiwa kwa shangazi yao, alitoka na mchi, akalipiga. Alilipiga boneti, akalipiga milango, akalipiga pale pale palipobonyea, hata mikono ikafa ganzi na mchi ukamponyoka. Lori halikusogea. Rejeta yake ilikuwa kavu kwa wiki nzima, lakini maji yalianza kuitoka, tone kwa tone, yakatengeneza dimbwi dogo mchangani, na kuku wakaja kunywa. Jumwa aliketi kwenye gurudumu la mbele, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sababu wakati wa hanga alikuwa na wageni wa kuwapikia.

Hakulisamehe. Lakini kesho yake alipobeba madebe kwenda bombani, lilimfuata, na wakati wa kurudi aliyaweka madebe nyuma. Likaenda kwa mwendo wake yeye, upande wa kushoto, likisimama kila kuku alipovuka. Tangu siku hiyo hakubeba maji kichwani. Alianika muhogo juu ya boneti, ukakauka haraka hata siku za mawingu. Mchana, kaskazi ilipokuwa ikivuma na majani ya mkorosho yakiwa hayatulii, watoto walilala sehemu ya mizigo, na lori lilinguruma kwa chini sana, sauti ambayo Jumwa alikuwa akiisikia usingizini na kudhani ni mumewe anazungumza na mtu nje.

Mwarandu aliacha kujaribu kulirudisha, ila alikuwa akija vilevile kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa. Siku moja alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Jumwa alikuwa akikuna nazi.

"Mama," alisema, "breki zilikuwa hazishiki. Nilimwambia Bwana. Nilimwambia hata kabla ya mfungo. Akasema tumalize kwanza mawe ya Changamwe."

Jumwa aliendelea kukuna.

"Nilikanyaga ikaenda chini yote. Nikasema nilitoe barabarani, niliingize mchangani lipungue. Sikumwona mpaka nilipomwona."

"Mbona hukusimama?"

"Lilisimama kule Kongowea, lenyewe. Hapo nilikuwa natetemeka siwezi kutembea."

Jumwa alimuuliza kama atayasema hayo mbele ya hakimu. Mwarandu akasema atayasema, inshallah, ingawa hakuwa Mwislamu. Alikuwa amefanya kazi kwa watu wa Hamdun tangu ujana wake, na maneno yao yalikuwa yamemwingia mdomoni.

Basi Jumwa akavuka daraja kwenda mjini kisiwani, akamtafuta wakili, Mgoa mmoja mwembamba aliyewachukulia kesi watu wa kanisa lake. Wakili aliandika dai la fidia. Polisi walikuja Magogoni, wakalitazama lile lori, wakaona madigadi, wakakuta kipande cha kibuyu kimebanwa nyuma ya taa. Bwana Hamdun akaacha kusema gari lilikuwa Changamwe. Kampuni ya bima ikamtafutia wakili wake, na huyo akasema marehemu alikuwa mlevi. Alikuwa na ushahidi wa watu wengi kwamba maiti ilinuka tembo.

Siku moja mama yake Bwana Hamdun alikuja kwa Jumwa. Aliitwa Bi Alawiya, mzee aliyekuwa hatoki nyumbani ila kwa mazishi. Jumwa alimtandikia mkeka, akamwamkua shikamoo, naye akaitika marahaba, kisha akalitazama lori muda mrefu kama anayemtazama mtoto wa jirani aliyekua ghafla.

"Nimemwambia Hamdun, lipa haki ya watu," alisema. "Yuwasema wakili amemkataza. Amemkataza hata kuja kukwambia pole mara ya pili, kwa kuwa pole ni kukiri. Mwanangu si mtu mbaya, wallahi. Yuwaogopa. Nami sikumzaa awe mwoga."

Aliposimama kuondoka alishika boneti ili asianguke, na lori likajishusha upande mmoja, likampa egemeo.

Kesi ilivuka mwaka, ikavuka mwingine. Wakati huo watu walikuwa wakibishana majumbani kuhusu Mwambao, kama utakuwa wa Sultani au wa Kenya, na bei ya sukari ikipanda. Siku ya kusikilizwa ilipofika, lori lilimchukua Jumwa. Aliketi mbele, kiti cha dereva kikiwa kitupu, usukani ukizunguka taratibu. Pale daraja la Nyali mtoza ushuru alilikagua, akatoza ushuru wa gari, akasema abiria ni huyo mmoja tu, na daraja likayumba chini yao juu ya maji yaliyokuwa na rangi ya maziwa.

Korti ilijaa. Mwarandu alisimama kizimbani amevaa koti la kuazima. Wakili wa bima alimuuliza kwa upole ni nani aliyeliendesha lile gari asubuhi hiyo mpaka hapo nje.

"Hakuna, bwana."

"Limefikaje?"

"Limekuja."

"Lina desturi hiyo?"

"Ndiyo, bwana."

Wakili akamgeukia hakimu, Mzungu mwenye macho ya usingizi. Akasema kumbe ulevi hauna haja tena. Bima inamkinga mwenye gari na kosa la dereva. Haikukatwa kwa ajili ya nia ya gari. Gari hili linakwenda lipendako, bila dereva, bila petroli, hata bila magurudumu, nalo limekiri wazi, kwa kuhamia kwa mjane, kwamba kosa ni lake. Kampuni haioni ni kwa vipi Bwana Hamdun, aliyekuwa nyumbani akinywa kahawa, aponzwe na kitu chenye dhamiri yake.

Wakili Mgoa alisimama upesi, akamuuliza Mwarandu kuhusu breki.

Mwarandu alimtazama Bwana Hamdun, aliyekuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamtazama Jumwa, akamtazama kwa muda, kama mtu anayesimama mlangoni akikumbuka kitu alichokiacha ndani. Alikuwa na watoto wengi, na Bwana alikuwa amekwisha kumwahidi lori jingine la kuendesha.

"Sikumbuki, bwana," alisema.

Hakimu alitoka nje kulitazama lori, nao wote wakamfuata. Lilikuwa limesimama kivulini kando ya barabara, limewasha taa zote mbili mchana kweupe. Hakimu alilizunguka. Akaligusa pale palipobonyea, akavuta mkono, akaupangusa kwa leso. Akauliza kama mjane ana la kusema.

"Gari lina haya, ndiyo maana limekuja kwangu," Jumwa alisema. "Mimi nawadai wale wasiokuja."

Mkalimani alimfasiria hakimu kwa maneno machache, kwamba shahidi anakubali gari lilikuja. Hakimu akashukuru.

Hukumu ilitoka wiki chache kabla ya Uhuru. Dai lilitupwa, kwa kuwa hakuna binadamu aliyethibitishwa kukosea. Wakili Mgoa alimsomea Jumwa hukumu yote ofisini kwake, taratibu, akimweleza kila sehemu, na mwisho akasema hatamtoza chochote. Jumwa alimuuliza kama upo mlango mwingine wa kubisha. Upo, alisema wakili, lakini nao unataka binadamu. Jumwa akafunga leso yake, akaaga. Nje lori lilikuwa likimngoja. Njia nzima halikupiga honi, hata kwa mbuzi.

Mwezi uliofuata kampuni ya bima ilimlipa Bwana Hamdun fidia ya lori lake, kwa hesabu kwamba gari lisilomtii mwenyewe ni gari lililopotea. Alilipwa bila kwenda kortini. Bi Alawiya aliposikia alikataa kula chakula cha nyumba ile mpaka Ijumaa, halafu akala, kwa kuwa ni mzee na hakuwa na nyumba nyingine. Bwana Hamdun alinunua lori jingine, la kijani, kwa bei nafuu kutoka kwa mtu wa Mariakani, likaanza kubeba mawe siku ileile, kwa sababu serikali mpya ilikuwa ikijenga.

Usiku wa kupandishwa bendera ya Uhuru watu wa Magogoni walicheza ngoma mpaka wakachoka. Wasichana wa kwaya walipanda juu ya lori la buluu kuimba, na lenyewe likawapeleka mpaka Bofu, ng'ambo ile ya Likoni, wala hawakukumbuka kupita kwenye feri. Walirudi nywele zao zikiwa na umande wa bahari. Mama zao waliwauliza tu kama wamekula.

Baada ya hapo maisha yakawa maisha. Jumwa alianza kuuza mboga, akizichukua mashambani kwa lori, na majirani wakamkodi kubeba makuti na wagonjwa. Yeye akawaambia wazi kwamba gari si lake na haliendeshi, hivyo yakitokea yatakayotokea wasimtafute mtu. Wakasema wanaelewa. Mwarandu hakuja tena. Walionana siku moja sokoni Kongowea. Alivua kofia, akaishika kifuani, na Jumwa akapita.

Lori la kijani lilikuwa likiteremka kutoka Mtopanga kila asubuhi, limejaa mawe hadi juu. Lilisikika kabla ya kuonekana: chuma kikisaga chuma, kilio kirefu, halafu kimya, halafu kilio tena, na ndani yake Mwarandu akikanyaga breki na kukanyaga tena. Hapo lori la buluu lilikuwa likijiondoa chini ya mkorosho, likavuka uwanja na kwenda kusimama kwa ubavu kati ya nyumba na barabara, taa zimewaka. Jumwa hakuinua kichwa. Aliwaita watoto waingie ndani, akasogeza kinu chake nyuma ya magurudumu ya lile la buluu, akaendelea kutwanga hadi vumbi lilipotulia.