Mbao za Magoli

Tulifika Mbeya Jumamosi saa tatu asubuhi tukiwa tumekaa juu ya mbao, na kabla ya kucheza mpira tulizishusha. Ndiyo yalikuwa makubaliano na mwenye lori: yeye atutoe Mafinga bure, sisi tumshushie mzigo kwa mteja wake. Mbao mia nne za mbili kwa nne, wachezaji kumi na watatu. Saa sita tukaingia uwanjani kucheza na timu ya Nakonde, Zambia, mabega yakiwa bado yananata utomvu wa misonobari.

Tukawafunga mbili bila. Yote mawili alifunga Kalinga.

Kalinga ninafanya naye kazi kwenye mashine ya kupasulia magogo, yeye upande wa msumeno, mimi upande wa kupokea. Ana miaka thelathini na minne na goti moja bovu. Hazungumzi sana. Mimi ndiye kipa, na mimi ndiye mdomo wa timu; hilo hakuna aliyenipa, nililichukua mwenyewe.

Kombe lilikuwa jipya, mwaka wa kwanza. Timu nne za ridhaa, watu wanaocheza kwa kupenda na si kwa kulipwa: sisi, Mbeya, Nakonde, na walimu wa Karonga kutoka Malawi. Kiwandani kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuvuka mpaka wa Tunduma. Na sasa Jumapili tulikuwa na fainali na watu wa nchi nyingine. Usiku ule tulilala kwenye sakafu ya darasa, na nilipoamka mgongo ulikuwa kama umepitishwa kwenye mashine, lakini nilicheka peke yangu.

Asubuhi mimi na Kalinga tulitangulia mezani kuhakiki majina. Karani wa mashindano alikuwa dada mmoja anaitwa Ruwaida, ana daftari na rula. Pembeni yake alikaa Junaid, kiongozi wa timu ya Mbeya. Walikuwa wametolewa na Karonga jana yake, kwa hiyo hakuwa na kazi ila maneno.

"Kamwene, watu wa mbao," alisema, akiigiza salamu ya kwetu. "Nasikia jana mlianza na kushusha lori. Mmekuja kucheza au kubeba?"

"Vyote," nilisema. "Na fainali tupo. Ninyi mlilala kwenu, mkaamka, mkafungwa."

Dada Ruwaida alicheka chini chini. Junaid hakucheka.

"Bahati tu. Huyo mzee wenu goli la pili kafunga kwa ugoko."

Kalinga alinigusa kiwiko. Alikuwa ananijua. Mimi sikugeuka.

"Huyu unayemwita mzee," nilisema, "kwetu kila goli ni ubao mmoja. Kiwanda kinautoa, tunauandika jina lake kwa mkaa, anaondoka nao begani. Anazo thelathini na nane. Amepaua nyumba ya mama yake kwa magoli. Wewe magoli yako yamepaua nini?"

Junaid akainamia viatu vyake. Nikajua nimemweza. Ndipo nikaona kalamu ya dada Ruwaida imesimama.

"Anapewa ubao kwa kila goli?"

"Kila goli," nilisema, kifua mbele.

"Kaka, ungekaa kwanza."

Akafungua karatasi ya kanuni, akanisomea ya nne polepole. Mchezaji aliyepokea fedha au kitu chochote kwa sababu ya kucheza, huyo si wa ridhaa na haruhusiwi.

"Hayo si malipo," nilisema. "Ni asante. Kwetu mtu akiwafurahisha watu harudi mikono mitupu."

"Nakuelewa. Lakini ubao una bei sokoni, na umenitajia mbele ya watu." Alimtazama Kalinga. "Akizirudisha, mwakani namwandika mimi mwenyewe."

"Nimvue mama paa?" aliuliza Kalinga. Hayo tu.

Dada Ruwaida akaweka rula juu ya jina lake, akapiga mstari.

Nyuma ya darasa wenzetu walikuwa wanafunga kamba za viatu. Niliwaeleza. Jailos, msimamizi wetu kiwandani na ndiye kocha, alivuta pumzi, akatazama nyasi.

Wote tulikuwa na mbao. Aliyetoa pasi ya goli alipewa ubao. Mimi nilipewa kila mechi nisiyofungwa: kumi na moja, zimepangwa nyuma ya chumba changu zikisubiri kutosha kitanda. Ila kwa yule Junaid nilikuwa nimelitaja jina moja tu.

"Karani kasikia jina la Kalinga tu," alisema Jailos. "Wengine tufunge midomo. Tumebaki kumi na wawili, tunatosha."

Hakuna aliyemtazama Kalinga. Timotheo, beki wetu, aliifungua kamba iliyokwisha fungwa, akaifunga upya.

"Chezeni," alisema Kalinga. "Mimi nitashika maji."

Niliziweka glovu zangu chini. Kisha nikarudi mezani.

"Dada, hata mimi."

"Hata wewe nini?"

"Mbao kumi na moja."

Alinitazama, halafu akawatazama wenzangu kule nyuma yangu.

"Na wale?"

"Mimi najisemea mimi."

Alingoja kidogo, labda mtu atakuja. Hakuja mtu. "Naandika ninachoambiwa," alisema, akapiga mstari wa pili.

Timotheo alivaa glovu zangu. Walimu wa Karonga walikuwa wepesi, wamelala vizuri, na kipindi cha kwanza hakijaisha walikuwa na mbili. Mimi na Kalinga tulikaa kwenye kreti za soda nyuma ya goli letu.

"Wewe mpumbavu," alisema, bila ukali.

"Najua."

"Hujui. Mimi nilishakubali. Nilitaka nione mnalibeba lile kombe. Sasa sichezi na kombe silioni."

"Ningekaaje golini wewe uko huku?"

"Ungetazama mpira."

La tatu lilipita katikati ya mikono ya Timotheo. Kalinga alifumba macho. La nne nilifumba mimi.

Kurudi, lori lilikuwa tupu na upepo ulitupiga kila upande. Wenzetu hawakunisemesha. Hawakuwakasirikia walionyamaza, walinikasirikia mimi niliyesema, mara mbili asubuhi ile ile. Pale Igawa dereva alisimama, watu wakashuka kununua mchele. Jailos alibaki juu, akaninyooshea kipande cha muhogo.

"Kesho zirudishe mbao zako," alisema. "Zako hazijapigwa msumari. Nitazipokea mwenyewe, tutaandika barua, mwakani unadaka."

"Na Kalinga?"

"Kalinga ana paa, kijana wangu. Paa haliandikiwi barua."

Nilikula muhogo.

Jumatatu tulipasua magogo tangu saa moja. Kalinga alisukuma, mimi nikapokea, msumeno ukasema kwa niaba yetu. Saa kumi tulipotoka niliazima mkokoteni, nikazipakia mbao zangu zote. Njia ya kiwandani ni mteremko. Niliiacha, nikaanza kusukuma kupanda kwa mama yake Kalinga, nikipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme.

Nyumba ina paa zuri. Jiko la nje lilikuwa nguzo nne tu na turubai.

Kalinga alitoka, akautazama mkokoteni.

"Za nini hizo?"

"Ukuta wa jiko."

"Zina jina lako."

"Tutaligeuzia ndani. Mama atanisoma akipika."

Hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza kama afanyavyo kiwandani akitafuta fundo.

"Ukishazipiga msumari, Adrian, mwakani tunakaa wote kwenye kreti."

"Leta nyundo."

Kisha akaingia ndani, akatoka na nyundo mbili na kopo la misumari. Mikono ilikuwa mizito kwa kazi ya mchana kutwa, na msumari wangu wa kwanza ulipinda. Kalinga aliung'oa, akaunyoosha juu ya jiwe, akanirudishia.