Mume Hayuko, Unapimwa Nini?

Likizo ile ya mwaka 1977 niliugua tumbo kwa ustadi mkubwa. Nilijikunja juu ya mkeka wa mama mdogo Amoit, pale kwake Malaba, nikatoa milio ambayo bwenini kwetu iliwahi kunikomboa na kazi ya kufagia muhula mzima. Naomba msomaji aiheshimu kazi hiyo. Nilikuwa mzima kabisa.

Niliyetaka aende hospitali ni yeye.

Mama yangu, dada yake, alikufa kwa kansa ya mlango wa kizazi. Alifika kwa daktari damu ikiwa imemzidi. Baada ya mazishi, sista wa hospitali ya misheni alimpima mama mdogo: alichukua ute, akaupaka kwenye kipande cha kioo, kioo kikapelekwa mbali, majibu yakaja mazuri. "Rudi kila mwaka," sista akamwambia. Hakurudi. Na mimi sikuwa na mama mwingine wa akiba.

"Si kioo kilisema niko sawa?" alinijibu nilipomuuliza. "Na tena, Omagor hayuko."

Omagor, mumewe, alikuwa dereva wa lori. Alivuka mpaka kupeleka chumvi Kampala, mambo ya huko yakachafuka, lori na dereva vikanyamaza. Lakini Omagor na kioo vinahusiana vipi? Form Three hatujafika huko. Basi nikaugua.

Tulifika hospitalini Alhamisi, siku ya kupima akina mama. Benchi lao lilitazama geti, ili hata wapita njia wasikose kitu. Perez, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, alikuwa amekaa hapo na wenzake. Nikajifanya nimezidiwa, nikajibwaga mwishoni mwa benchi hilo, mama mdogo akakaa kando yangu.

"Amoit! Omagor amerudi?"

"Bado."

"Sasa mume hayuko, unapimwa nini?"

"Labda kuna turniboi wa kupakia mizigo anamshikia usukani," mwingine akadakia. Benchi zima likacheka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanamke mwenye mume akikaa pale, amekuja kupimwa. Asiye na mume akikaa, ametangaza kwamba ana mtu.

"Nimemleta mtoto," mama mdogo akasema haraka.

Macho yote yakahamia kwangu na sare yangu ya shule.

"Mtoto wa shule? Benchi hili?" Perez akapiga makofi. "Ala! Siku hizi wanaanza mapema!"

Hilo sikuwa nimelipangia. Milio yangu ilikatika yenyewe. Mama mdogo akaniinamia.

"Tumbo limepona, Asio?"

"Limepona, mama mdogo."

"Nilijua tangu jana. Mgonjwa wa tumbo anakula chapati nne?"

"Sasa mbona ulikuja?"

Alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua.

"Nilitaka mtu wa kuja naye."

Kisha akasimama, akasema kwa sauti ya kufika getini: "Perez, muache huyu mtoto. Hana kitu. Wa kupimwa ni mimi. Omagor harudi. Lakini mimi niko."

Hakuwa amewahi kusema hivyo, hata kwangu. Kila jioni alikuwa akisema "bado." Wanawake wakatazama viatu vyao. Sista akafungua mlango, mama mdogo akaingia.

Nilibaki kwenye benchi. Perez akasogea kidogo, na mwenzake naye akasogea, hadi upande wangu ukawa mpana kama uwanja wa mpira. Nilitafuta mzaha wa kuwatupia. Mimi, niliyewahi kumfungia mbuzi ndani ya ofisi ya hedimistresi, sikupata hata mmoja.

Mama mdogo alitoka akijifunga leso upya. Aliwapita wale wanawake bila haraka, akawasalimu wote. Wawili tu ndio walioitikia.

Njiani hakunilaumu. Tulipita malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, na kwa mara ya kwanza hakusoma nambari za malori kulitafuta la Omagor.

"Sista amesema nirudi mwaka ujao," akasema.

"Nitakusindikiza."

"Mwaka ujao utakuwa na mtihani, Asio. Nitakuja peke yangu."