Simu Zilipotulia

Ulipita nje ya kituo cha dharura mchana ule, ukasikia simu zimenyamaza, ukasema afadhali, leo mji umetulia. Ukaendelea na safari zako. Mkuu wa kituo naye alisema hivyohivyo, akaagiza chai.

Aliyejua kwamba ule haukuwa utulivu ni fundi wa seva. Alikuwa akibadilisha mfumo endeshi wa mashine inayopokea simu zote za magari ya wagonjwa, na mfumo mpya ulipoingia ukaitupa nje programu ya kupokea simu. Alipoirudisha, ilikataa katakata kukaa nao. Ilibidi aijenge upya kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi iliyoundwa nayo, juu ya mashine hiyohiyo, maana mashine ya pili ya kujaribia alishaiomba mpaka midomo ikamkauka.

"Mashine mbili za nini, bibie? Unaitafutia mke mwenza?" Mkuu alimjibu mbele ya watu, wakacheka.

Na dada yake fundi, mimba imefika ukingoni, alikuwa peke yake nyumbani. Ni fundi mwenyewe aliyemwambia: "Uchungu ukikushika usinitafute mimi. Piga dharura."

Kwa pupa akaiamuru mashine ijenge vipande vyote kwa mpigo. Mistari ikatiririka, ikakaribia mwisho, kumbukumbu ya mashine ikajaa, kazi yote ikakatika.

"Shoga, vipi?" Mpokea simu alichungulia mlangoni.

"Imekufa. Naanza tena, kipande kimoja kimoja."

"Si tutazeekea hapa?"

"Nikiiharakisha itakufa tena. Hebu mpigie dada kwa simu yako."

Mpokea simu akapiga. Akarudia.

"Inatumika."

Fundi alijua dada yake anampigia nani. Akamkimbilia mkuu.

"Mzee, nakuomba, tuma gari kwa dada yangu."

"Namba ya mwito iko wapi?"

"Namba inatolewa na mashine, na mashine haipokei!"

"Basi gari haliondoki. Utaratibu ni utaratibu, mwanangu. Au kwa kuwa ni ndugu yako?"

Uani, dereva alikuwa amekaa ndani ya gari, funguo mkononi.

Fundi alirudi kwenye skrini. Kipande kikaisha, kikaja kingine, naye hana la kufanya ila kukodoa macho. Cha mwisho kilipokubali, akaisakinisha programu, akaiwasha. Ukumbi mzima ukalipuka kwa milio. Mpokea simu akadaka ya kwanza, akadaka ya pili, kisha akageuka taratibu.

"Jirani. Anatumia simu ya dada yako. Gari linatoka sasa hivi."

Gari lilifika. Dada alipona. Mtoto alikuwa ameshazaliwa sakafuni, wala hakulia. Mkuu alitoa pole, akaiita ajali.

Ajali gani? Kwenu pia kuna mashine kama ile, na mkuu wa namna ileile. Inuka. Nenda kituoni kwenu uulize: mashine ikizimika, gari linatoka au halitoki? Wakikwambia urudi kesho, kaa palepale mlangoni, uwaite na majirani. Unasubiri nini? Nenda!