Siku Lameki Alipoifungua Njia

Mvua ya mawe iliyopiga shamba la miwati, miti ya kuvunwa maganda, nje kidogo ya Njombe, mwezi wa tatu mwaka 1955, haikudumu hata nusu saa. Ilipokoma, watu walitoka majumbani wakabaki wameduwaa. Majani ya miwati yalikuwa yametandazwa chini kama mkeka. Mahindi yalibaki vijiti. Na njia ya gari inayopanda kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa meneja, iliyochimbwa katikati ya kingo mbili za udongo mwekundu, ilikuwa imezibwa kabisa, kwani maji ya mlimani yaliyasomba mawe yale na kuyarundika humo. Barafu ilifika magotini, na kwenye kona ya chini ilifika kiunoni.

Meneja alimwita Lameki, dereva wa trekta. Alimwambia kwamba wageni wake kutoka bomani wangefika saa kumi kunywa chai, na gari lao halingeweza kupanda hivi. Lameki aliitazama njia, akatazama jua, akasema itafunguliwa.

Shamba zima hakuna mwingine aliyeweza kuliendesha trekta lile. Lilikuwa jipya, lenye mikono miwili ya chuma mbele na kijiko kikubwa cha kupakia kifusi, na lilikuwa na miezi miwili tu tangu lifike. Mkewe, Tabea, alikuwa akimtania kwamba kila asubuhi huliamkia trekta kabla hajamwamkia yeye. Siku hiyo Lameki aliweka magunia mawili ya mchanga nyuma ili magurudumu yasiteleze, akashusha kijiko hadi kikaigusa ardhi, akatia gia ndogo, akaanza kuteremka.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Mawe yalikuwa yameanza kushikana, na kijiko kilipoyasukuma yalilia kama vigae. Alisukuma mpaka kijiko kikajaa, akakiinua, akamwaga ukingoni, akarudi nyuma, akaanza tena. Baridi ilimkata vidole. Mara mbili trekta liliteleza upande, na mara mbili alilituliza kwa maneno, kama mtu asemavyo na ng'ombe.

Alipofika kwenye kona ya chini, palipokuwa na rundo kubwa kuliko yote, alisimama kupumzisha mikono. Ndipo alipomwona mtu ng'ambo ya rundo, amejibanza chini ya paa la kibanda cha kupimia maganda ya miwati, kando ya barabara kuu. Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kikapu kando yake, na viatu mkononi. Lameki aliiona kwanza ile miguu mitupu juu ya barafu. Kisha akauona uso. Alikuwa Idda, bintiye.

Walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili. Idda alimpenda Linus, fundi wa magari, kijana wa Uwemba aliyelelewa na kusomeshwa misheni ya Wakatoliki. Lameki alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, kama baba yake kabla yake, na alisema hapana. Idda aliolewa Uwemba bila baraka yake. Siku ya harusi Lameki alishinda msituni akikata miti ambayo hakuna aliyemtuma kuikata. Tangu hapo jina la Idda halikutajwa mezani. Msimu mzima Tabea alikuwa akifuma sweta dogo la sufu nyekundu, akisema ni la mtoto wa jirani, na Lameki, aliyejua kuwa jirani huyo hana mtoto mchanga, hakuuliza kitu.

Sasa alilikabili lile rundo kana kwamba limemkosea. Hakumwaga tena kwa utaratibu. Alisukuma, akainua, akatupa, akasukuma tena, mpaka uwazi mwekundu wa udongo ukafika kibandani. Akasimamisha trekta, injini ikiwa inaunguruma.

"Kamwene, baba," alisema Idda, akimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene."

Lameki akamuuliza basi lilimshusha saa ngapi. Idda akajibu kwamba lilimshusha punde tu kabla ya mvua, na kwamba alitoka asubuhi Makambako, ambako Linus alipata kazi gereji. Alikuja kumwona mama, akasema, na kama baba hataki alale pale, angerudi na basi la kesho. Alisema hivyo bila hasira, akimtikisa mtoto taratibu.

Lameki alimwambia apande trekta. Idda aliogopa kwa sababu ya mtoto. Kiti kilikuwa kimoja, na njia ilikuwa inateleza. Lameki alifikiri kidogo. Akavua koti lake, akashuka, akamfunika nalo yeye na mtoto pamoja.

"Basi nifuate," alisema. "Ukanyage nilipopita mimi tu."

Aligeuza trekta, akaipanda njia polepole sana, akigeuza shingo kila hatua chache. Palipobaki barafu alirudia kukwangua mpaka udongo ukaonekana. Idda alimfuata nyuma, miguu yake ikikanyaga alama pana za magurudumu.

Juu, njia iligawanyika. Ya kulia ilikwenda kwa meneja, nayo ilikuwa safi. Ya kushoto ilikwenda kwenye nyumba za wafanyakazi, nyeupe tupu, na hakuna aliyeagiza ifunguliwe. Hapo njia panda alisimama Ezekia, msimamizi wa shamba, ambaye pia alikuwa mzee mwenzake wa kanisa. Ezekia alimkumbusha kwamba kazi imekwisha, na kwamba trekta na dizeli ni vya kampuni.

Lameki alielekeza kidole nyuma yake. "Ni Idda," alisema. "Mwanangu amekuja nyumbani."

Ezekia alimtazama Idda, akaitazama miguu yake. Alimwendea, akampokea kikapu, akatembea kando yake, na Lameki akageuza usukani kushoto na kushusha kijiko.

Tabea alikuwa mlangoni akihangaika na jembe kufungua kizingiti. Alipoliona trekta likiingia uani kwake, likisukuma barafu mbele, alidhani mumewe amerukwa na akili. Kisha akaona ni nani anayekuja nyuma yake. Aliliegemeza jembe ukutani kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu, akaenda akamfungua mtoto mgongoni kabla hata ya kumsalimu Idda. Ndipo wote wawili wakaanza kulia.

Lameki alibaki juu ya kiti chake. Aliuliza, kwa sauti ya kuishinda injini, mtoto anaitwa nani.

"Hulda," alijibu Idda.

Hilo lilikuwa jina la mama yake Lameki, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya ile harusi.

"Nani alimpa?"

"Linus. Alisema mtoto wa kwanza apewe jina la kwenu."

Lameki alizima injini. Ukimya ulikuja ghafla, maji yakasikika yakidondoka kutoka kwenye paa. Alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akampokea mtoto. Hulda alimshika sikio, hakuliachia. Walipoingia ndani Tabea alileta sweta jekundu. Lilikuwa dogo tayari, lakini walimvalisha hivyo hivyo, mikono ikiishia viwikoni.

Jioni, wakiota moto, Idda alieleza kwamba Linus aliwasindikiza hadi kwenye basi. Hakupanda, kwa kuwa hakujua kama angepokewa.

Jumamosi Lameki aliomba ruhusa, akavaa koti la kanisani, akapanda basi kwenda Makambako. Aliuliza njia mpaka gereji. Miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya lori, na fundi mmoja akamwambia Linus ndiye huyo. Lameki akachuchumaa kwenye vumbi na mafuta, akiinama mpaka akauona uso.

"Kamwene, mkwe wangu."

Linus alijikokota kutoka chini ya lori, akasimama haraka. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, kwa hiyo alikunja ngumi na kumnyooshea kifundo cha mkono, kama mafundi wafanyavyo. Lameki alikiacha kifundo. Aliikunjua ile ngumi, akaushika mkono wote kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba Idda na mtoto hawajambo, na kwamba nyumbani wanamngoja.